MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI: MTOTO WA MWENZIO MBELE YA KAMERA



Mazungumzo haya yanahusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni kumpiga picha mtoto wa mtu mwengine mahali pa hadhara bila ya kumuuliza mwenyewe wala mlezi wake. Hapa Unguja jambo hilo ni la kila siku. Jioni katika bustani ya Forodhani vijana na watoto huruka baharini kutoka ukutani, mchezo uitwao makachu, na wageni pamoja na wenyeji huwaelekezea simu. Lakini funzo lililo zito zaidi linatoka mbali na bahari, katika Gendabi, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara.

Alfajiri ya tarehe 3 Disemba, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo yaliteremka hadi mji wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima, Gendabi kikiwemo. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Wengi wa walionusurika walihifadhiwa katika majengo ya skuli, na hapo walifikiwa na viongozi, waandishi wa habari na watoaji wa misaada. Katika zama hizi kila mgeni wa namna hiyo huwa na kamera mfukoni mwake.

Hapana anayesema kuwa kamera ifichwe wakati wa msiba. Picha huwafahamisha walio mbali ukubwa wa maafa na huharakisha misaada. Picha huweza pia kumrejesha kwao mtoto aliyepotezana na jamaa zake. Suali ni hili: katika mahali kama pale, nani ana uwezo wa kukataa? Mzazi aliyesimama katika mstari wa kupokea blanketi hana uhuru kamili wa kumwambia aliyemletea blanketi hilo asimpige picha mwanawe. Huchelea kuonekana hana shukrani, au jina lake kuachwa katika orodha. Na mtoto aliyefiwa na wazazi hana hata wa kumsemea. Kwa hivyo kimya cha mwenye shida si ridhaa. Ridhaa yake inakuwa ridhaa pale tu anapojua kuwa akikataa hatopungukiwa na kitu.

Maoni ya watu juu ya jambo hili yanatofautiana. Wapo wasemao kuwa aliyetoka nje amekubali kuonekana. Wapo wanaochelea kijicho juu ya watoto wao. Wapo wanaoona picha ni heshima, na wapo wanaotaka malipo kwa kuwa mpigaji huenda akaiuza. Kila rai ina lake la kusikilizwa, lakini kuonekana na jirani apitaye njiani si sawa na kuonekana na maelfu ya watu wasiojulikana, kwa miaka isiyo na hesabu. Ama kumpa mtoto mwenyewe fedha, huko ni kumfundisha kuwangojea wageni barabarani saa za skuli. Na mtoto anayeikimbilia kamera kwa furaha ameonesha furaha yake tu. Hajatoa ruhusa ya picha kutangazwa.

Visiwa hivi vina uzoefu wa pande zote mbili. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar. Katika studio za namna hiyo mzazi alimvisha mwanawe nguo nzuri, akampeleka mwenyewe, akalipa, na picha akaichukua nyumbani. Lakini kabla ya hapo zilikuwapo pia kadi za posta zenye sura za watu wa pwani, nyingi zikiwa hazina majina yao, zilizopelekwa Ulaya. Leo simu imemfanya kila mtu kuwa mchapishaji wa kadi za posta.

Sheria nazo hazikunyamaza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unalinda faragha ya mtoto katika kifungu cha 16. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara na Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 zinamtambua kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika fungu la taarifa nyeti.

Hivyo basi, watumishi na wananchi wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Mlezi aulizwe kwanza, kisha mtoto mwenyewe, na waelezwe picha itapelekwa wapi.

(b) Msaada utolewe kwanza. Kamera, ikiwa ina haja, ifuate baadaye.

(c) Jina la mtoto, skuli yake na mahali anapolala visiandikwe chini ya picha.

(d) Picha ya mtoto aliyepotea ikabidhiwe Polisi na maafisa wa Ustawi wa Jamii, na iondolewe mara anapopatikana.

(e) Inapotosha kuonesha tope, nyumba iliyobomoka au mtu mzima aliyeridhia, uso wa mtoto uachwe.

Baada ya maafa yale, familia zilizopoteza makaazi zilijengewa nyumba mpya katika eneo la Waret, wilayani Hanang. Familia huhama, picha iliyokwisha tangazwa haihami. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 6 siku ile atatimiza miaka 18 mwaka 2035. Atakapotafuta kazi au mchumba, atakuwa na haki ya kujulikana kwa aliyoyafanya mwenyewe, si kwa asubuhi aliyosimama katika tope akilia mbele ya mtu asiyemjua.