Nyumba Moja, Sakafu Mbili: Tahadhari Kabla ya Kuweka Marumaru Ghorofani

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu matengenezo ya nyumba za kale



Nimekuja kuzungumza kuhusu jambo moja tu, nalo ni marumaru katika ghorofa za nyumba zetu za kale.

Wazee mliopo hapa mnazijua nyumba hizo kuliko mimi. Kama zile za Kilwa Kivinje, Pangani, Bagamoyo na Lamu, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu ya ghorofani imelala juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti pamepangwa mawe, kifusi na chokaa iliyoshindiliwa. Vyumba vyake ni vyembamba, karibu mita 3 au pungufu, kwa sababu boriti haivuki mbali zaidi ya hapo. Baadaye familia ziliongezeka, ikaongezwa veranda, jiko au choo kwa upande wa nyuma, na sehemu hiyo ikamwagwa zege lenye nondo. Ndiyo maana leo mtu huvuka kizingiti kimoja tu, akatoka katika sakafu ya boriti na kuingia katika sakafu ya zege, wala asitambue.

Lakini marumaru hutambua. Sakafu ya boriti hunyumbuka kidogo kila mtu anapopita, na chokaa yake huvuta unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Zege halinyumbuki kiasi hicho, ila hutanuka kwa joto. Veranda ya zege yenye urefu wa mita 10, ikipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya ubaridi wa alfajiri na jua la adhuhuri, hurefuka kwa takriban milimita 3. Kwa macho ni kitu kidogo. Kwa kigae kilichogandishwa nusu huku na nusu kule, kinatosha kukipasua.

Ufa huo si hasara ya fedha peke yake. Maji ya kuoshea sakafu hupenya hapo yakatuama chini ya marumaru. Zamani chokaa ilipumua na unyevu ukatoka. Sasa saruji na marumaru vimeufungia ndani, nao huishia kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Hapo ndipo boriti huoza, mahali ambapo hakuna anayepaona.

Kuna na uzito. Marumaru pamoja na saruji nzito ya sentimita 5 huongeza takriban kilo 120 katika kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 5 kitabeba kilo 1,800 zaidi, sawa na mifuko 36 ya saruji. Nani kati yetu angekubali kupanga mifuko 36 ya saruji juu ya chumba wanamolala watoto, kisha akaiacha humo maisha?

Nasema haya kwa sababu yalitupata sisi. Mjomba wangu alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kuipamba nyumba ya bibi. Masika ya kwanza ufa ulitokea, umenyooka kama uliochorwa kwa rula, pale pale boriti zilipokutana na zege. Fundi aliuziba mara mbili. Mara ya tatu tulibandua marumaru, tukakuta vichwa vya boriti vinne vinamomonyoka kwa kidole. Wajukuu walikuwa wakilala chini yake. Hatukumlaumu fundi; alifanya alichoagizwa. Sisi hatukuuliza.

Basi, ndugu zangu, tuulize kwanza. Tazameni sakafu kutoka chini: vumbi la unga na njia za mchwa ni dalili. Chomeni vichwa vya boriti kwa bisbisi. Ikizama kwa urahisi, mti umeoza. Kama marumaru zipo tayari, zigongeni kwa sarafu. Inayolia kama mtungi mtupu imeachana na sakafu.

Mafundi, msipitishe kigae juu ya maungio. Malizeni marumaru kila upande, acheni mstari wazi unaofuata maungio hayo mpaka chini, kisha uzibeni kwa silikoni au uufunikeni kwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu. Grauti ngumu isiingie hapo. Choo na bafu vibaki upande wa zege. Upande wa boriti, chokaa iliyolainishwa vizuri bado ni sakafu bora na nyepesi. Anayetaka marumaru hapo lazima, mhandisi akague kwanza. Zitumike nyembamba, kwa gundi badala ya saruji nene, na tabaka za saruji zilizoongezwa huko nyuma ziondolewe.

Ninajua manung'uniko yenu, kwamba kibali ni safari ndefu, na marumaru zimekwisha kununuliwa. Manung'uniko hayo tumeyasikia. Hata hivyo anzieni kwa Mtendaji wa Kata kabla ya kununua, si baada ya kupasuka. Nyumba zinazolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 zinahitaji pia ridhaa ya mamlaka ya malikale.

Waliotujengea nyumba hizi walijua boriti inabeba nini na haibebi nini. Tusiitwishe mzigo ambao hatukuupima.