Kumpokea Aliye Hai
Hotuba ya Kamati iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Myanga



Tuna neno moja la kusema, nalo ni hili: chama chetu kimejua sana kumpokea marehemu, bali hakijajua kumpokea aliye hai. Mwenzetu akifariki Nairobi, simu hupigwa usiku ule ule, michango hukusanywa, gari hukodiwa, na mwili huletwa safari ya takriban kilomita 400 hadi nyumbani. Kazi hiyo ni njema, wala hatutaki iachwe. Lakini kijana akishuka basi Nairobi alfajiri, ana begi moja na namba moja ya simu, ni nani kati yetu aliyetumwa kwenda kumlaki?

Haja hii si mpya. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ipitayo Bungoma ikafika Kampala mwaka 1931. Tangu hapo watu wetu wamekuwa wakisafiri kutafuta kazi: wengine katika mashamba ya walowezi huko Trans Nzoia, wengine katika reli yenyewe, wakikaa Muthurwa na Makongeni mjini Nairobi. Siku hizo mtu alitembea na kipande shingoni, na mji haukumtambua ila kwa kazi ya mikono yake. Ndiyo sababu wazee waliunda vyama vya kusaidiana. Mgeni aliulizwa ametoka wapi, akaonyeshwa mahali pa kulala, akafundishwa njia ya kwenda kazini. Mwaka 1980 serikali iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe; hata timu ya mpira ya Abaluhya, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikabadili jina na kuitwa AFC Leopards. Majina yalikwenda, na pamoja nayo sehemu kubwa ya kazi ile ya kupokeana ikafifia.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Katika mji ule ule wa Nairobi kazi ya kupokea wageni haikufa, bali imekuwa biashara. Huko Gigiri yako makao makuu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lililoanzishwa mwaka 1972, na makampuni mengi ya nje yana ofisi mjini. Mtaalamu atokaye ng'ambo hulakiwa uwanja wa ndege. Yupo mtu wa kumtafutia nyumba, wa kuusoma mkataba wa kupanga kabla hajatia sahihi, wa kumwonyesha shule ya watoto na daktari, wa kufuatilia kibali chake cha kazi na namba yake ya kodi. Mara nyingi mwajiri wake ndiye alipaye gharama. Hatumwonei kijicho mgeni huyo. Twasema tu kwamba, ikiwa mtu mwenye elimu kubwa na mshahara mnono huhesabiwa kuwa anahitaji mwenyeji, je, mtoto wetu asiye na kitu ahitaji kiasi gani?

Wengi wenu mwakijua kisa cha kijana mmoja wa hapa kwetu, ambaye hatutamtaja jina. Alipata kazi ya ulinzi Nairobi. Dalali mmoja alimwahidi chumba Kawangware, akamtumia kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mwingine kwa simu, kabla hajakiona. Alipofika alikuta chumba kina mpangaji wake, na simu ya dalali imezimwa. Alilala kituoni siku tatu, akachelewa kuripoti, kazi ikapewa mtu mwingine. Baba yake alikuja kwetu kuomba msaada. Tulifungua katiba yetu, tukakuta kifungu cha kifo na kifungu cha ugonjwa, tukamrudisha mikono mitupu. Wanachama wenzetu, hatuwezi kumlaumu dalali peke yake. Aibu ile ni yetu pia.

Kwa hiyo Kamati yaleta mapendekezo manne. Kwanza, Katibu aandike daftari la wanachama wetu walioko Kitale, Eldoret, Nairobi na Mombasa, na katika kila mji achaguliwe mwenyeji mmoja. Pili, asafiriye atoe taarifa mapema, ili mwenyeji amlaki kituoni na kumpatia malazi kwa muda usiozidi siku 14. Tatu, mwenyeji akague chumba pamoja naye, azungumze na wapangaji jirani, na fedha isitolewe kabla mwenye nyumba hajajulikana na risiti haijaandikwa. Nne, Mweka Hazina atenge fungu la kumkopesha mgeni amana ya nyumba bila riba, mdhamini wake akiwa mwanachama wa hapa nyumbani, nayo irudishwe katika miezi 6.

Mzee mmoja alituuliza, na aliuliza kwa haki: je, hatutafuga wavivu? Jibu tulirithi kwa wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumeongeza siku kwa kuwa mji ni mgumu kuliko shamba, lakini jembe liko pale pale.

Tena mapokezi yasiwe ya upande mmoja. Kwetu huja mwalimu aliyehamishwa kutoka pwani, na muuguzi asiyejua neno la lugha yetu. Naye atafuta nyumba, maji safi, na mtu wa kumwambia soko ni siku gani. Tusimwulize kabila lake kabla ya kumwonyesha njia. Tukimpokea vema, watoto wetu watafundishwa na mtu mwenye moyo mtulivu, na wagonjwa wetu watahudumiwa na asiyehesabu siku za kuondoka. Wahenga hawakukosea waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Bwana Mwenyekiti, twaomba kifungu hiki kiingizwe katika katiba leo, kabla ya mkutano kufungwa. Shule zitakapofungwa mwisho wa mwaka, vijana wengine watapanda basi. Fedha tuliyozoea kuichanga kwa ajili ya safari ya mwisho, tutoe sehemu ndogo yake kwa ajili ya safari ya kwanza.

Ni sisi wanakamati wenu.