Dola 75 na Dola Milioni 60: Fedha, Zawadi na Kura katika Bunge la Ohio



Sheria ya maadili ya jimbo la Ohio, nchini Marekani, inamkataza mjumbe wa bunge la jimbo hilo kupokea kutoka kwa mshawishi mmoja wa kulipwa chakula na vinywaji vya zaidi ya dola 75 kwa mwaka. Zawadi nazo zina kikomo, na kila mwaka mjumbe hujaza fomu ya kutaja vyanzo vya kipato chake, wanaomdai na waliomzawadia. Katika jimbo hilohilo, kati ya 2017 na 2020, takriban dola milioni 60 zilitoka katika kampuni ya umeme ya FirstEnergy na kampuni zake tanzu, zikaingia katika asasi iliyokuwa mikononi mwa mjumbe mmoja, Larry Householder. Hakuna fomu iliyowaonyesha wapigakura zilikotoka. Hoja yangu ni kwamba sheria za uwazi zinamkagua mpokeaji na kumsahau mtoaji. Kwa sababu hiyo, taarifa za mbunge kuhusu asili yake, wachangiaji wake na zawadi zake hazitufai kitu mpaka zisomwe sambamba na miswada anayoipigania.

Tuanze na asili yake. Householder alikuwa mkulima na wakala wa bima kutoka wilaya ya mashambani ya Perry. Alikuwa Spika kuanzia 2001 hadi 2004, akaondoka kwa sababu ya ukomo wa vipindi uliowekwa na katiba ya jimbo, akarudi bungeni 2017 akiutaka tena uspika. Uspika hupatikana kwa kura za wajumbe, kwa hiyo mwenye kuutaka hana budi kuwasaidia wagombea wengine washinde ili wamkumbuke baadaye. Wakati huohuo kampuni tanzu ya FirstEnergy ilikuwa na vinu viwili vya nyuklia kandokando ya Ziwa Erie, vikishindwa kushindana na umeme wa gesi asilia iliyoshuka bei. Machi 2018 kampuni hiyo tanzu iliomba kinga ya kufilisika. Mmoja alihitaji fedha za kupata viti, mwingine alihitaji sheria ya kumwokoa. Walikutana katika asasi iitwayo Generation Now, iliyosajiliwa kama asasi ya ustawi wa jamii, aina ambayo sheria ya Marekani haiilazimishi kuwatangazia wananchi majina ya wafadhili wake.

Januari 2019 Householder akachaguliwa Spika, na Julai mwaka huohuo Gavana Mike DeWine akasaini Mswada Na. 6. Mswada huo uliwatwisha wateja wa umeme ruzuku ya dola milioni 150 kwa mwaka kwa ajili ya vinu vile, ukavibeba pia vituo viwili vya makaa ya mawe, kimojawapo kikiwa nje ya jimbo, huko Indiana, na ukapunguza malengo ya nishati jadidifu. Kwa mteja wa nyumbani, mchango wa nyuklia ulipangwa usizidi senti 85 kwa mwezi. Nani atafunga safari hadi Columbus, makao makuu ya jimbo, kwa senti 85? Mzigo uliogawanywa kwa mamilioni ya watu hauonekani, ilhali faida iliyokusanywa sehemu moja ina uwezo wa kulipa mawakili, matangazo na wagombea. Wananchi waliojaribu kuupinga mswada kwa kura ya maoni walikuta sehemu ya fedha zilezile ikitumika kuwazuia.

Upo utetezi usioweza kupuuzwa: wachangiaji humfuata mwanasiasa anayefikiri kama wao, hawanunui fikra zake. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na mchango peke yake si ushahidi wa hongo. Lakini utetezi huu unachukulia kwamba kinachonunuliwa ni dhamiri ya mtu mmoja. Hapa fedha ziliwapa wagombea viti, viti vikampa mtu mmoja uspika, na Spika ndiye mwenye usemi juu ya miswada gani itafika mezani. Hata kama kila mjumbe aliyeunga mkono vinu alikuwa mkweli, mpigakura alikuwa na haki ya kujua nani aliyegharimia kampeni za kuwapata wajumbe wale.

Utetezi wa pili una mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1958, katika kesi ya NAACP dhidi ya Alabama, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo halikuwa na haki ya kuilazimisha jumuiya ile ya watetezi wa Weusi itoe orodha ya wanachama wake. Siri ile iliokoa ajira na roho za watu, na sheria yoyote ya uwazi lazima iendelee kuiheshimu. Hata hivyo, mwanachama anayehofia kuchomewa nyumba si sawa na kampuni ambayo bei yake inaidhinishwa na serikali na ambayo inaomba ruzuku. Kinga aliyojengewa mnyonge isigeuzwe pazia la mwenye nguvu.

Wengine watasema mfumo ulifanya kazi, kwani Householder alikamatwa Julai 2020, akatiwa hatiani Machi 2023 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20, na FirstEnergy ikakubali faini ya dola milioni 230. Ni kweli. Lakini waliomkamata ni wapelelezi wa serikali ya shirikisho, waliokuwa na simu zilizorekodiwa na watoa habari wa ndani. Ruzuku ya nyuklia ilifutwa 2021, ilhali ya makaa ya mawe iliendelea kutozwa kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Jela humfikia mtu baada ya sheria yake kuanza kuwatoza watu.

Nasi Watanzania tuna la kujifunza. Mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliihalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura, Mahakama Kuu ya Tanzania ikayabatilisha 2006, kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010. Hatua hizo zilistahili, ila mjadala wetu bado huishia kwenye khanga, sukari na pilau, yaani kwenye dola 75 zetu. Napendekeza mambo matatu. Kampuni inayotegemea uamuzi wa serikali itangaze kila inachokitoa kwa asasi yoyote inayogharimia siasa. Mbunge ataje kila asasi anayoiongoza au kuichangishia fedha. Na kila mswada unaompa mtu ruzuku, msamaha wa kodi au leseni uwekwe mezani pamoja na orodha ya watakaofaidika na michango yao, kabla ya kura kupigwa. Orodha hiyo haitamzuia mbunge kupiga kura apendavyo. Itamlazimu aeleze kura yake mbele ya watu wanaojua nani amelipa nini, wakati bado wana nafasi ya kumpinga.