Jamaa Huthibitishwa kwa Hati

(Mazungumzo mbele ya watumishi wa serikali na walimu)



Nimeombwa nizungumze juu ya viza ya kukaa muda mrefu ambayo nchi kadhaa humpa mtu afanyaye kazi ya mbali, yaani mtu akaaye nchi moja na mwajiri wake yuko nchi nyingine, kazi ikipita katika intaneti. Nitachukua mfano mmoja tu, Hispania, kwa kuwa sheria yake ni wazi, na kwa kuwa ina fundisho kwetu sisi tulio ofisini na darasani.

Hispania iliiweka viza hii kwa Sheria Namba 28 ya mwaka 2022. Mwombaji sharti awe na shahada, au uzoefu wa miaka mitatu. Awe ameifanyia kazi kampuni ya nje kwa miezi mitatu au zaidi, na kampuni hiyo iwe imeendesha shughuli zake kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Viza yenyewe haizidi mwaka mmoja. Baadaye aweza kuomba kibali cha ukaazi cha hadi miaka mitatu.

Sheria hiyo haimtengi mtu na jamaa yake. Mume au mke, watoto, na hata wazazi wanaomtegemea, waweza kuomba pamoja naye, na mwenzi wake huruhusiwa kufanya kazi huko. Lakini kila kichwa kina hesabu yake. Mwombaji huonyesha mapato yaliyo mara mbili ya kima cha chini cha mshahara cha Hispania. Kwa mtu wa kwanza wa jamaa yake huongeza asilimia 75 ya kima hicho, na asilimia 25 kwa kila mmoja anayefuata. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 1,184, kikilipwa mara 14, yaani euro 16,576 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, mume, mke na watoto wawili walihitaji mapato ya euro 53,872 kwa mwaka.

Hizo si fedha kidogo. Hata hivyo, ndugu zangu, mwenye fedha hizo bado hajavuka. Mapato huthibitishwa na mwajiri. Jamaa je, huthibitishwa na nani? Huthibitishwa na karani aliyeandika cheti cha ndoa, na msajili aliyeandika cheti cha kuzaliwa. Afisa wa ubalozi hamjui mtoto wala mzazi, ajua karatasi. Ikiwa baba ni Mohamed katika pasi yake na Muhamedi katika cheti cha mwanawe, kwa afisa huyo hao ni watu wawili, na mtoto hana baba.

Tena hati hizo husafiri njia ndefu. Kwa nchi zilizomo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, kama Burundi tangu 2015 na Rwanda tangu 2024, muhuri mmoja uitwao apostili watosha. Hati ya nchi isiyomo hupita wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Hispania. Halafu hufasiriwa kwa Kihispania na mfasiri aliyeapishwa. Kosa la herufi moja likionekana mwishoni, safari huanza upya.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni matatizo ya wachache waendao Ulaya. La, sivyo. Cheti kile kile ndicho kitakachodaiwa siku ya mirathi, na mjane atakapofuata pensheni ya mumewe. Ubalozi hufichua tu ufa uliokuwako tangu zamani. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtoto je?

Basi yatupasa mambo matatu. Mwalimu amwandikishe mtoto kwa jina lililo katika cheti, si kwa jina alilolisikia. Karani amsomee mzazi alichokiandika kabla ya kupiga muhuri. Na atakayeona kosa, alisahihishe kwa utaratibu wa sheria leo, asingoje siku ya safari.

Kalamu tuliyopewa ni ndogo, lakini yaweza kuiunganisha jamaa au kuitenganisha.