Kitabu cha Mtakatifu Paulo Kilichokatwa Majani

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waalimu na Wakristo siku ya Yubile)



Tumeagizwa kusema habari za vitabu. Siku za Yubile watu hukumbuka majengo na kengele na makaburi ya wale waliotutangulia, bali kitabu kisomwacho kila Jumapili husahauliwa pale pale juu ya meza yake. Basi tumechagua kitabu kimoja cha kale, nacho si kizima. Wataalamu hukiita Codex Coislinianus, kwa jina la Askofu Coislin wa Metz katika Ufaransa, maana sehemu yake ilikuwamo katika maktaba yake. Kiliandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 6, juu ya ngozi, nacho kilikuwa kitabu cha Nyaraka za Mtakatifu Paulo. Yamesalia majani 41 tu.

Tazameni kwanza jinsi kilivyoandikwa. Kila ukurasa una safu moja yenye mistari 16, na herufi zake ni kubwa. Mistari haikujazwa hata ukingoni, kama tufanyavyo sisi tukitaka kuokoa karatasi. Mwandishi aliukata kila mstari pale maana inapopumzika, huu mfupi, huu mrefu, ili yule asimamaye kusoma mbele ya watu ajue mahali pa kuvuta pumzi. Ngozi ilikuwa ghali, naye akaacha nyingi tupu kwa ajili ya msomaji. Sisi waalimu tusomao Waraka mbio mbio, kama mtu avukaye mto wenye mamba, na tuone haya kidogo.

Baada ya Waraka kwa Tito pana maneno ya mwisho ya kitabu. Yaeleza kwamba mistari imepangwa hivyo ili ndugu wasome na kufahamu, na ya kuwa kitabu kimelinganishwa na nakala ya maktaba ya Kaisaria, iliyoandikwa kwa mkono wa Mtakatifu Pamphilus. Huyu alikuwa padre wa Kaisaria katika Palestina. Alitiwa gerezani, kisha akauawa kwa ajili ya imani katika dhuluma ile iliyoanza mwaka 303. Katika kitabu kingine cha kale, kiitwacho Codex Sinaiticus, imo habari kwamba alisahihisha Maandiko akiwa kifungoni, na mwenziwe Antoninus akimlinganishia. Sisi tuna meza na taa na siku nzima ya Jumamosi, na bado twapanda kusoma bila kuutazama Waraka mbele.

Kisha kitabu chenyewe chasema kama mtu. Chamwonya mwenye nacho kwamba akimwazimisha mtu yeyote, na atwae kwake kitabu kingine kiwe rehani, maana warudishao ni watu wabaya. Mwacheka, kwa kuwa mwajua. Hakuna mwalimu hapa ambaye kitabu chake cha nyimbo hakijapata kwenda safari bila kurudi.

Lakini waazimaji sio waliokikata. Kitabu kilikuwa katika nyumba ya watawa iitwayo Lavra Kuu, juu ya Mlima Athos huko Ugiriki. Wino ulikuwa umefifia, na mtu mmoja akapita juu ya herufi kwa wino mpya, akaongeza na alama za matamshi. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyekipenda kitabu. Hata hivyo baada yake watu wa nyumba ile ile walikifumua, wakayatumia majani yake kujalidi vitabu vingine.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Herufi za namna ile zilikuwa zimekwisha kuwa za kizamani, Nyaraka walikuwa nazo katika nakala nyingine, na ngozi njema haitupwi. Nasi tumepata kununua karanga sokoni zikiwa zimefungwa katika karatasi ya Zaburi, na mwenye kuuza alikuwa Mkristo aliyebatizwa. Tulizila.

Tena majalada yale yale ndiyo yaliyoyahifadhi majani. Yalipofumuliwa, majani yalitawanyika: 22 yako Paris, 8 yamebaki Lavra, 3 yako St. Petersburg, 3 Moscow, 3 Kyiv, na 2 Turin. Mna sehemu za Wakorintho, Wagalatia, Wakolosai, Wathesalonike wa kwanza, Waebrania, Timotheo na Tito. Waraka kwa Warumi hauna hata jani moja.

Na liko jambo lililotushangaza kuliko yote. Ule wino mpya ulikuwa na nguvu, nao ulitia alama juu ya ukurasa ulioelekeana nao, herufi zikageuka kinyume kama zionekanavyo kiooni. Kwa hiyo pengine jani limepotea kabisa, lakini jirani yake bado limechukua maneno yake. Mwingereza J. Armitage Robinson aliyachunguza maandishi hayo yaliyogeuka, akayatoa katika kitabu chake cha mwaka 1895. Mtu yule wa Athos alitaka tu kuwasaidia wenye macho dhaifu wa siku zake. Nasi twasoma kwa wino wake kurasa ambazo ngozi yake haionekani tena po pote.