Ngazi Isitudanganye Kuhusu Dari

Msikilizaji wa Buruburu, Umoja, Donholm na mitaa jirani ya Nairobi, inua macho utazame silingi ya chumba ulichomo. Juu yake huenda kuna masanduku ya bati ya mafundi wa Kamukunji, sufuria za sherehe, vitabu vya mtoto aliyemaliza shule kitambo, na pengine tangi la maji. Vyote vilipandishwa kwa ngazi, na hesabu yetu huanza kuharibika papo hapo: ngazi ikimbeba fundi na mzigo begani, tunaamini dari nayo itabeba. Lakini ngazi huubeba mzigo huo kwa dakika moja tu, dari hukaa nao miaka.

Ngazi ya kiwandani iliyoundwa kwa kanuni za Ulaya hupimwa kwa kilo 150, na za Marekani huanzia kilo 90 hivi hadi 170. Kipimo hicho ni cha mtu pamoja na alichobeba, kwa hiyo mtu mzima mwenye gunia la mahindi la kilo 90 mgongoni huenda amekipita kabla hajafika juu, sembuse kwenye ngazi ya mbao iliyopigiliwa misumari na isiyo na kipimo chochote. Dari ina namba ndogo zaidi. Uingereza, dari ya kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 25 hivi kwa mita ya mraba. Marekani, hata iliyokusudiwa kuhifadhi vitu vichache huwekewa kilo 98 hivi. Sasa lichukue tangi la lita 500. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kitako cha tangi hilo kwa kawaida hakijazi mita moja ya mraba. Hiyo ni nusu tani, zaidi ya mara 20 ya kipimo cha Waingereza. Tangu mgao wa maji wa Januari 2017, bwawa la Ndakaini linaloipa Nairobi maji liliposhuka, hamu ya kuweka akiba juu ya paa na ndani ya dari imeeleweka vizuri. Ubaya ni kwamba maji ya mgao mara nyingi hufika usiku, tangi likajaa watu wakiwa wamelala chini yake.

Kuna watakaosema hizo ni namba za ng'ambo. Ni kweli, ila zinahesabu mbao zilizochaguliwa kwa kazi hiyo. Silingi zetu nyingi hushikiliwa na mbao za inchi mbili kwa mbili, zilizowekwa kubeba bodi tu, na saipresi mara nyingi huuzwa ikiwa mbichi. Ikikauka juu huko hujikunja na misumari kulegea. Wengine watasema tangi lao limekaa miaka mitano na halijaanguka. Mbao iliyoelemewa haivunjiki siku ya kwanza: hupinda polepole, mchwa wakaongeza yao, na miaka hiyo mitano ikawa ndiyo iliyoichosha.

Hoja ya nafasi ndiyo nzito, maana nyumba ni ndogo na si kila mtu ana uwanja wa kujengea mnara wa tangi. Hapo sikatai dari, nataka tu mzigo ufike ukutani. Tangi likae juu ya bafu, mahali kuta zimekaribiana, juu ya boriti nene zinazolala kwenye kuta za mawe zenyewe. Zile mbili kwa mbili zisiguswe. Masanduku yabaki na nguo, vitabu vishuke. Mpangaji ana haki ya kumuuliza landilodi tangi limelalia nini, na jibu la “fundi alisema ni sawa” halitoshi. Silingi ikianza kutumbukia katikati, au ufa mpya ukijichora kandokando yake, fungeni maji yanayoingia, mfungue mifereji tangi liishe, na watu wahame chumba hicho. Asipande mtu kuchungulia likiwa bado limejaa, kwa sababu atakuwa anaiongezea dari kilo zake.