Maana ya Kipimo cha PSA kwa Wanaume na Wanawake





Nimepewa fursa ya kueleza juu ya kipimo cha damu kitajwacho kwa herufi PSA, ambacho wengi wetu hukiita "kipimo cha saratani". Jina hilo si sahihi. PSA ni protini itengenezwayo na tezi dume, na kazi yake ni kuyayeyusha manii yaliyoganda. Mwanamume mwenye siha kamili anayo.

Kinachopimwa ni kiasi cha protini hiyo kilichopenya katika damu. Kiasi hicho hupanda kwa saratani, lakini hupanda vilevile tezi itanukapo kwa umri, ipatapo uambukizo, mgonjwa atiwapo mpira wa mkojo, na hata kwa tendo la ndoa la jana yake (hakuna haya katika elimu). Kwa miaka mingi mpaka ulihesabiwa kuwa nanogramu 4 katika mililita moja ya damu. Miongoni mwa wanaume waliopata baina ya 4 na 10, takriban mmoja katika kila wanne ndiye hukutwa na saratani anapotolewa kinyama cha tezi kikapimwa. Aidha, utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2004 uliikuta saratani kwa asilimia 15 ya waliokuwa na 4 au chini yake. Basi aliyeandikiwa 6 asianze kugawa mirathi, wala mwenye 3 asijione amesalimika. Amwendee daktari, na amtajie dawa anazotumia, kwani finasteride, wapewayo wenye tezi iliyotanuka, huishusha hesabu hiyo kwa kiasi cha nusu.

Wanawake hawana tezi dume, lakini PSA imeonekana katika matiti yao, katika maziwa ya mama, na katika tezi ndogo zilizo kando ya njia ya mkojo. Katika damu yao ni kidogo mno, hata vipimo vya kawaida huwa havikioni. Wataalamu wameichunguza kuhusiana na saratani ya matiti, ila haijawa kipimo cha kutegemewa. Mwenye uvimbe katika titi achunguzwe titi lenyewe.

Jambo hili linagusa hata mahakama. PSA hutumika kutambua manii katika kesi za kubaka. Na kwa kuwa mwili wa mwanamke nao huitoa kidogo, mpimaji hana budi kutazama kiasi chake, si kuwepo kwake tu.

Wanaume waliofikia miaka 50, na mapema zaidi wale ambao baba zao au ndugu zao waliugua, wanaombwa wazungumze na daktari kabla ya kutoa damu, si baada ya kukabidhiwa karatasi ya majibu.